Shajara ya skana ya vitabu ya kujitengenezea: hatua ya kamera

14 Juni 2025: kazi yenyewe na hesabu ya pikseli

Fremu imeshakamilika. Kitanda cha V cha plaiwudi (kitabu kinakaa humo kimefunguka nusu, kioo kinakandamiza kurasa, na kamera mbili zinapiga kila moja ukurasa wake), vioo viwili vya milimita 4 vilivyounganishwa kwa nyuzi 90, na reli za droo za kupandisha na kushusha kioo. Mbao nilikatiwa na fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, na mtindo wenyewe ni ule ulioenea tangu 2009 baada ya Mmarekani Daniel Reetz kuweka wazi namna alivyojenga skana yake kwa mabaki ya mbao na kamera za bei chee. Ya fremu yanaishia hapo maana ni useremala wa kawaida. Kuanzia leo naandika ya kamera tu, huko ndo pesa inakoenda na ndo watu wengi wanakwama.

Vitabu ni vya mjomba wangu, mwalimu mstaafu, yupo Tanga. Vingi ni vijitabu vya miaka ya 50 na 60, kuna vya East African Literature Bureau, ile idara iliyoanzishwa 1948 ya kuchapisha vitabu kwa lugha za huku kwetu, karatasi zimekauka na pini za katikati zimeshika kutu. Mjomba katoa masharti mawili, kitabu kisichanwe na kitabu kisitoke nyumbani kwake. Kwa hiyo skana ya kulaza kitabu kifudifudi haifai, ukikifungua hadi kilale mgongo unakatika, na skana yangu lazima ifunguke vipande ipande basi la Tanga ikaungwe huko huko.

Sasa hesabu, na naomba ifanyike kabla mtu hajatoa hata shilingi. Kusoma maandishi kwa kompyuta tunataka angalau pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Kijitabu cha A5 kina urefu wa sentimita 21, ukiacha nafasi pembeni kamera inaona kama sentimita 25, hizo ni inchi 9.8, mara 300 unapata pikseli kama 2950 upande mrefu. Kamera ya megapikseli 8 inatoa picha ya 3264 kwa 2448, yaani inatosha na chenji inabaki (kama 330 kwa inchi). Kitabu cha A4 pamoja na nafasi ya pembeni ni sentimita 33, hapo megapikseli 8 zinashuka mpaka 250 hivi, inabidi uwe na 12 zenye pikseli 4000 upande mrefu ndo ufike 300 na kitu. Rafu ya mjomba karibu yote ni A5 na ndogo zaidi. Kwa hiyo megapikseli 8 zinatosha, na mtu akikwambia bila 24 huwezi kazi muombe akuoneshe hesabu yake.

21 Juni: webukamu, imekataa

Nilianza na kilichokuwepo mezani, webukamu ya 1080p. Pikseli 1920 kwa sentimita 25 ni kama 195 kwa inchi. Nikapiga ukurasa mmoja wa hadithi, nikaupeleka Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi ambayo ina faili la Kiswahili (linaitwa swa). Herufi kubwa za kichwa cha habari zimetoka safi. Ndani ya aya ndo balaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng' inapotea kabisa, "ng'ombe" anatoka "ngombe", "ng'ambo" inatoka "ngambo", na m imesomwa r na n zimesimama pamoja, sasa Kiswahili bila m unabaki na nini. Nikasogeza webukamu karibu ione nusu ya ukurasa, pikseli zikapanda lakini fokasi yake haiwezi kusogea karibu kiasi hicho, ukungu mtupu.

Gharama: sifuri. Majibu: aina hii haifai kwa herufi za kitabu, ina kazi yake kwenye mikutano.

29 Juni: simu mbili, zinafaa nusu

Hapa nimekaa zaidi maana kila mtu anauliza kwa nini usitumie simu tu, na swali ni la haki kabisa, simu ya kawaida saivi ina megapikseli 12 na kuendelea.

Nilifunga simu yangu upande mmoja na ya mke wangu upande wa pili, programu ya Open Camera kwenye zote mbili kwa sababu inakuruhusu kufunga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) na fokasi. Matatizo yaliyojitokeza ni haya.

Kwanza lenzi ya simu ni pana, ili ukurasa ujaze picha inabidi simu ikae karibu sana na kioo, na ikikaa karibu inaziba taa na kivuli chake kinaangukia kwenye karatasi. Ukiisogeza mbali unapoteza pikseli, na zumu ya simu nyingi za bei ya kati ni ya kukata picha tu, si ya lenzi.

Pili michirizi. Taa za LED za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, jicho halioni ila simu inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kasi ikiwa 1/200 unapata mapande meusi na meupe yamelala kwenye ukurasa. Dawa ni kushusha kasi mpaka 1/50 au 1/25, hapo kila mstari unapata mapepeso kamili na mapande yanaisha. Andika hilo pembeni, litarudi.

Tatu, na hili ndo lililoziondoa, simu mbili tofauti zinatoa kurasa za rangi mbili na ukubwa mbili. Kushoto karatasi ya njano, kulia ya kijivu. Afu simu inajaribu kusaidia bila kuombwa, inalainisha na kukoza, ukivuta karibu herufi ndogo zina kingo nyeupe ambazo kwenye karatasi hazipo. Na ni simu, inapigwa, inapata joto, inataka chaja.

Kwa mtu mwenye vitabu vitano vya familia simu moja inatosha, apige kurasa za kulia zote kwanza kisha ageuze apige za kushoto. Kwa rafu nzima hapana.

5 Julai: nilichokua natafuta sasa

Baada ya simu ikawa wazi kwamba megapikseli ni sharti dogo. Sharti kubwa ni kamera ikubali amri, yaani ikae pale pale ulipoiweka na ipige pale unapotaka, ukurasa wa kwanza na wa mia mbili ziwe sawa. Kwa hiyo orodha yangu dukani: mbili za modeli moja, zumu ya lenzi yenyewe, tundu la skrubu chini, modi ya M ya kupanga kila kitu kwa mkono, njia ya kuzipiga zote mbili bila kuzigusa, na njia ya kuzilisha umeme wa ukutani.

Kamera kubwa za kubadilisha lenzi zina vyote hivyo na kompyuta inaziendesha kwa programu ya gphoto2, ila mbili pamoja na lenzi zake bei inapita skana nzima mara kadhaa na uzito wake unataka fremu ya chuma. Moduli ya kamera ya HQ ya Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja (megapikseli 12.3, ilitoka 2020) naipenda, ila lenzi inauzwa kivyake na vyote ni vya kuagiza.

Njia iliyobaki ni ile waliyopita wajenzi wengi wa mwanzo: Canon PowerShot ndogo za zamani pamoja na CHDK. CHDK ni programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya memori, haigusi chochote cha kudumu ndani ya kamera, ukitoa kadi kamera inarudi ilivyokua. Inaongeza vitu ambavyo kamera haikuja navyo, skripti, kufunga umbali wa fokasi, na muhimu kuliko vyote, kupiga picha kwa kupeleka umeme kidogo kwenye tundu la USB.

12 Julai: Kariakoo

Wanaouza kamera za mtumba wapo ila inabidi uzunguke, siku hizi wengi wamehamia kwenye simu na kamera zimebaki kwenye droo ya chini. Usiende na jina la modeli moja, nenda na orodha ya zinazokubali CHDK umeiandika kwenye karatasi.

Nimepata Canon PowerShot A590 IS mbili, modeli ya 2008, megapikseli 8, zumu mara 4, modi ya M ipo, ISO inashuka mpaka 80, na ubavuni zina tundu la umeme wa nje. Ya kwanza 70,000, ya pili duka jingine 85,000, huyo wa pili hakushuka hata baada ya kumuonesha mkwaruzo wa skrini.

Kabla ya hapo kuna kamera nyingine ndogo nilichukua kwa 40,000, ikawaka dukani vizuri, nyumbani lenzi ikatoka nusu ikakwama na ujumbe wa kosa. Muuzaji kasema mtumba hauna waranti. Tangu hapo najaribu hivi pale pale kaunta: washa na zima mara kadhaa mfululizo, vuta zumu mwisho na kurudi, piga picha ya karatasi nyeupe ukuze uone kama kuna doa linalojirudia sehemu moja (hilo ni vumbi ndani, halitoki kirahisi), fungua mlango wa betri uone kutu, halafu ingiza kadi yako. Kadi naenda nayo mwenyewe, ina faili tupu linaloitwa ver.req. Ukiweka kamera kwenye modi ya kuangalia picha, ukashikilia FUNC SET na kubonyeza DISP, inakuonesha toleo la programu yake. CHDK ina toleo lake kwa kila toleo la kamera, na A590 zipo za 100e na 101b. Zangu moja ni 100e na nyingine 101b, haina shida, kila moja nimeipa CHDK yake na kuandika kwa makapeni kwenye kadi ipi ni ya upande upi.

19 Julai: kadi

Hii ingekua mistari miwili ila ilinila jioni nzima. Nimenunua kadi za 16GB, kamera inazisoma vizuri na kupiga picha vizuri, ila CHDK haiwaki, skrini ya kawaida tu. Kamera za umri huu zinaanzisha CHDK kutoka kwenye sehemu iliyofomatiwa FAT16 (mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye kadi) na kadi kubwa inakuja FAT32, mtindo mpya zaidi. Kuna njia ya kuigawa kadi vipande viwili, mi nimeona rahisi kutafuta kadi za 2GB, fundi simu mmoja anazo kopo zima, 8,000 kila moja. Fomati FAT16, nakili mafaili ya CHDK, ifanye kadi iwe ya kuwasha kamera (DISKBOOT.BIN inakaa juu kabisa, si ndani ya folda), halafu sukuma kile kiswichi cha ubavuni kwenda LOCK. Ndiyo, kadi inafungwa, hiyo ndo ishara ya kamera kwenda kutafuta DISKBOOT.BIN, na CHDK ikishawaka inaruhusu picha ziandikwe kama kawaida.

2GB zinaingia zaidi ya kurasa 500 za upande mmoja. Vijitabu vingi vya mjomba havifiki 100.

26 Julai: swichi moja, kamera mbili

Nimekata nyaya mbili za USB zenye kichwa cha mini, ndani kuna nyaya nne, unahitaji nyekundu na nyeusi tu, kijani na nyeupe zikate uzifunge tepu zisigusane. Nyekundu mbili pamoja, nyeusi mbili pamoja, katikati swichi ya kengele ya mlangoni. Ndani ya CHDK nenda kwenye mipangilio ya rimoti uiwashe, usipoiwasha kamera inadhani imechomekwa kwenye kompyuta na lenzi inarudi ndani. Ukibonyeza kamera inajiandaa, ukiachia ndo inapiga.

Umeme wa swichi nilitoa kwenye pawabenki. Kurasa chache za mwanzo safi, afu kimya. Nikawasha upya, ikapiga, nikageuza kurasa mbili, kimya tena. Nimefungua kila kiungo nikichomelea upya kabla ya kuangalia taa ya pawabenki yenyewe: inazima. Pawabenki ikiona hakuna kinachokula umeme inajua simu imejaa na inajizima, na swichi yetu inakula kiasi kidogo mno. Nimeweka kikasha cha betri tatu za AA, volti 4.5, tangu hapo haijakosa. Usipoteze muda na pawabenki.

9 Agosti: betri na zumu

Kitabu kizima cha kwanza cha majaribio kimeharibika katikati, na sababu inastahili nafasi.

A590 inatumia AA mbili. Betri za kawaida za dukani zinaisha kabla kitabu hakijaisha, na hazitoi taarifa kwa pamoja, ya kushoto ilikosa kupiga ukurasa mmoja huku ya kulia inapiga, matokeo yake kuanzia hapo kila ukurasa umekaa jozi isiyo yake. Nikabadilisha betri nikaendelea. Tatizo kubwa zaidi likaonekana kwenye laptopu: kamera ikizimwa lenzi inaingia ndani na zumu inarudi mwanzo, nikaivuta tena kwa mkono kwa makadirio, kwa hiyo nusu ya kwanza ya kitabu herufi zina ukubwa mmoja na nusu ya pili ukubwa mwingine.

Marekebisho ni mawili. La kwanza umeme wa kudumu: kamera inataka volti 3.15 kwenye tundu la ubavuni. Nimechukua adapta ya volti 12 na vibodi viwili vya kushusha volti, kimoja kwa kila kamera. Kabla ya kuchomeka weka mita kwenye mdomo wa kibodi, zungusha kile kiskrubu kidogo cha shaba taratibu mpaka isome 3.15, na hakikisha chanya na hasi, halafu weka tone la gundi juu ya skrubu isije ikazunguka kwenye basi. Nilichagua 12 makusudi, kwa mjomba umeme ukikatika nachomoa adapta na kuunga kwenye betri yake ya sola, kamera hazijui tofauti.

La pili skripti fupi ya CHDK yenye amri ya set_zoom, ikiwaka inapeleka lenzi hatua ile ile kwa kamera zote mbili. Nimechagua katikati ya zumu. Mwanzo kabisa wa zumu mistari ya pembeni inapinda, ukurasa unaota tumbo, na mwisho wa zumu mwanga unapungua sana. Katikati kamera inakaa kama nusu mita kutoka kwenye kioo, mistari imenyooka na kivuli chake hakifiki kwenye karatasi.

23 Agosti: kunyoosha kamera

Kamera isipokua sambamba na kioo, ukurasa unatoka mpana chini na mwembamba juu. Nilianza na pima maji na rula, kazi ya kuchosha na haikai. Njia iliyomaliza kazi: laza kioo cha kujitazamia, kile kidogo cha kunyolea, juu ya kioo cha skana pale katikati ya ukurasa. Angalia kwenye skrini ya kamera. Utaona lenzi yenyewe ikikutazama. Sogeza bolti mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya skrini, basi, kamera iko wima kwa kioo. Inachukua muda mfupi tu kwa kila upande na kila nikiifungua skana nitarudia hivyo.

Bolti: tundu la chini ya kamera ni robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Duka la vifaa vya ujenzi watakupa ya milimita 6, inaingia kwa kulegea na inatafuna nyuzi. Sema robo inchi na ujaribu nati yake pale pale.

Kwenye kioo nilikua naona mwanga wa kamera yenyewe, mwili wake unang'aa. Nimekata kartoni nyeusi yenye tundu la lenzi na kuivisha kila kamera, mng'ao umeisha.

6 Septemba: mipangilio ya mwisho na hesabu ya pesa

Kwa anayetaka kunakili: modi M, ISO 80, uwazi wa lenzi f/4, kasi 1/25 (ile habari ya hezi 50, kwa kasi kubwa kuliko 1/100 ukurasa mmoja unatoka mweupe na unaofuata mweusi kidogo), flashi imezimwa, rangi nyeupe imepimwa kwa karatasi mpya chini ya taa zile zile, umbali wa fokasi umefungwa ndani ya CHDK, skrini inazimwa baada ya kupanga. Kamera ya kulia inapiga kurasa za kushoto na ya kushoto za kulia, kwa sababu zinatazamana kwa kupishana juu ya V, kwa hiyo taja folda kwa ukurasa na si kwa kamera. Kila baada ya kurasa 20 nalinganisha namba za picha za pande zote mbili, zikitofautiana unajua tatizo liko ndani ya 20 hizo tu.

Ukurasa ule ule uliokataa kwenye webukamu nimeupitisha kwenye programu ya Scan Tailor kukata na kunyoosha, kisha Tesseract. "Ng'ombe" katoka mzima na alama yake. Kuna herufi chache zimekosewa pale kutu ya pini ilipochafua karatasi, hizo ni za kusahihisha kwa mkono.

Upande wa kamera umekula hivi: kamera mbili 155,000, kadi mbili 16,000, nyaya, swichi na kikasha cha betri 11,000, adapta na vibodi viwili 27,000, bolti na engo 8,000. Jumla 217,000, na ukiongeza ile 40,000 ya kamera iliyokwama ni 257,000. Kadi za 16GB sijazihesabu, zimeenda kwenye simu.

20 Septemba: Tanga

Skana imefika, kioo nilikibeba mapajani safari nzima. Kuunga na kunyoosha kamera kwa kile kioo cha kunyolea hakukua na shida. Mjomba aligeuza kurasa mwenyewe, mimi kwenye swichi, na alisimama kila mahali alipoona alichoandika pembeni akiwa kijana kazini, kwa hiyo tumekwenda polepole na sikuona sababu ya kumharakisha. Umeme ulikatika mchana, betri ya sola ikachukua bila picha hata moja kukosekana.

Vitabu ambavyo bado vina haki za mwandishi vinabaki kwenye diski mbili za familia, hatuviweki hadharani.

Kilichobaki ni gazeti na majarida makubwa kuliko A4, ambayo A590 haziwezi kwa ukurasa mzima. Nitajaribu kupiga ukurasa nusu nusu na kuunganisha kabla ya kutafuta jozi ya megapikseli 12, na matokeo nitayaongeza hapa chini pamoja na bei.